Mtafuteni Aliyesimama

Wanangu, mkionyeshwa picha ya watu wanaokula, najua swali litakalowatoka kwanza: wanakula nini? Ni swali la haki, hasa saa saba mchana. Lakini leo nataka muulize jingine kabla ya hilo. Tafuteni aliyesimama. Katika kila mgahawa na kila kibanda cha mama lishe, wengi wameketi na mtu mmoja amesimama. Huyo ndiye anayejua nani amelipa na nani bado, nani hali maharage, nani ameingia na njaa ya tangu jana. Mchoraji akimpa sura huyo mmoja, picha inasema jambo. Akimgeuza mgongo, au akamwacha nje kabisa, inasema jambo jingine.

Tuanzie nyumbani. Ninyi mnaijua Madibira ya mwezi wa sita. Maji ya Mto Ndembera hayaingii tena majarubani, mpunga umekauka na kuinamisha vichwa, na karibu hekta 3,000 za skimu ya umwagiliaji zinataka kuvunwa kwa wakati mmoja. Watu wanaingia kutoka upande wa Rujewa na kutoka upande wa Mafinga: vibarua wa kukata na kupiga mpunga, wabeba magunia, madereva wa malori, madalali wenye simu mbili mbili. Wote wanataka kula, na hakuna aliyekuja na jiko. Ndipo vibanda vinapoongezeka. Nguzo nne, turubai au bati juu, mabenchi, meza iliyotandikwa plastiki ya maua, na kwa nyuma majiko ya mkaa na sufuria kubwa ya wali uliopaliwa makaa.

Penye mgahawa wenye ukuta wa saruji, mara nyingi fundi wa kuandika mabango ameshapita na rangi zake. Amechora sahani ya wali, paja la kuku, kikombe cha chai kinachofuka mvuke, na jina la mgahawa kwa herufi nyekundu. Simameni mbele ya ukuta kama huo mumtafute aliyesimama. Hayupo. Wala aliyeketi hayupo. Chakula kipo peke yake, cha moto, kana kwamba kimejipika. Simlaumu fundi. Amelipwa ili mwenye njaa avuke barabara, na paja la kuku humvuta mtu kuliko uso wa mpishi. Ila hapo mmeshajifunza jambo kubwa: kila kilichomo kwenye picha kimewekwa na mkono wa mtu, na kila kisichokuwamo kimeachwa na mkono huohuo. Simu ikipiga picha kibandani itachukua hata mbwa anayepita na ndoo iliyopinduka. Brashi haichukui kitu ambacho mwenye brashi hakukitaka.

Sasa twende Dar es Salaam, mwaka 1968. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru huko kusini, alianza kuchora kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora kwa miaka minne hivi tu, kwani mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mtu mwingine. Lakini ndugu na wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Mwaka 1990 walianzisha chama chao cha ushirika, na leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake duniani kote.

Tingatinga mwenyewe alipenda zaidi wanyama na ndege. Waliomfuata waliongeza watu, tena wengi: soko limejaa, hospitali imejaa, kijiji kizima kiko nje ya nyumba zake. Mkikutana na picha ya aina hiyo yenye watu wanaokula na kunywa, msiitazame upesi upesi. Kwanza, hakuna kivuli. Jua halitoki upande wowote. Kila mtu amepewa mwanga wake. Pili, aliye mbali hapungui sana kimo. Badala ya kuwa mdogo, amewekwa juu zaidi kwenye ubao. Tatu, mara nyingi paa au ukuta umeondolewa ili mwone ndani. Mtu anayependa kukosoa atasema mchoraji hakujua sheria za umbali. Mimi nasema mchoraji hakukubali kusimama mahali pamoja. Amezunguka kibanda kizima, ameingia jikoni, ametoka nyuma, kisha akaweka yote aliyoyaona kwenye ubao mmoja. Na tazameni faida yake: katika picha ya namna hiyo mama anayepika hafichwi na mteja. Mteja mnene hamzibi mteja mwembamba. Mtoto aliye chini ya meza ana nafasi yake sawa na mwenye gari.

Kuna jambo moja linalonisumbua katika picha hizo, na nitawaambia kwa sababu mnakua na mtaliona wenyewe. Wanunuzi wake wengi wamekuwa wageni, watu waliokuja kutalii na wanaotaka kurudi kwao na Afrika yenye furaha. Basi mama anayepika katika picha nyingi anatabasamu. Hana jasho. Hana daftari la madeni lenye majina ya waliosema watalipa wakishauza mpunga. Karibu naye utakuta kinu na mtwangio, hata kama yeye huchukua mchele wake mashineni. Kwa hiyo baada ya kumtafuta aliyesimama, ulizeni na hili: picha ilichorwa ili itundikwe kwa nani? Mnunuzi hayumo ndani ya picha, lakini ameshika brashi pamoja na mchoraji.

Baada ya picha iliyojaa hivyo, nataka muone iliyo tupu.

Ipo katika jumba la makumbusho la Art Institute of Chicago, nchini Marekani. Mchoraji ni Edward Hopper, na picha inaitwa Nighthawks. Aliimaliza Januari 1942, wiki chache baada ya ndege za Japani kushambulia kituo cha wanamaji cha Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani. Ni kubwa: upana wake unapita mita moja na nusu, na urefu wa kwenda juu ni sentimita 84.

Ni usiku katika jiji. Mtaa hauna mtu. Maduka ya ng'ambo ni meusi. Dirisha moja linaonyesha mashine ya kuhesabia pesa, haina anayeigusa. Kwenye kona pana mgahawa wenye kioo kikubwa badala ya ukuta, na taa zake ni kali hadi mwanga unamwagika nje barabarani. Ndani mna watu wanne tu. Mwanamume mwenye kofia ameketi na mwanamke wa nguo nyekundu. Mikono yao imekaribiana kwenye kaunta lakini haigusani. Upande mwingine mwanamume mwingine mwenye kofia ameketi peke yake, ametupa mgongo, na hatutamjua kamwe. Wa nne ndiye tuliyemtafuta: mhudumu, mavazi meupe na kofia nyeupe, ameinama kidogo huku mikono yake imezama chini ya kaunta, uso ameuinua.

Mwangalieni vizuri huyo. Katika watu wanne, ni yeye peke yake anayefanya kazi, na ni yeye peke yake anayeonekana kumwelekea mtu. Wengine wanatazama vikombe, au vidole, au hawatazami kitu. Kaunta imemzunguka pande zote kwa umbo la pembetatu. Wateja wanaweza kuondoka wakati wowote. Yeye yumo ndani ya kaunta mpaka zamu yake iishe.

Sasa tafuteni mlango wa kutokea barabarani. Chukueni muda wenu. Kuna mlango mmoja kwa ndani, unaoelekea pengine jikoni. Wa kutokea nje hauonekani. Hopper alikuwa mtu mzima wa miaka 59, amekula katika migahawa ya New York kwa miaka mingi, na alijua vema kwamba mgahawa una mlango. Hakuuweka. Tena alisema picha ilitokana na mgahawa mmoja wa Greenwich Avenue, penye makutano ya barabara, lakini aliurahisisha na kuukuza. Maana yake ni kwamba aliondoa vitu. Aliondoa takataka za barabarani, aliondoa magari, aliondoa wapita njia, aliondoa mlango. Mwanamke pale kaunta ni mkewe Josephine, naye mchoraji, aliyemkalia awe mfano. Wale wanaume wawili wenye kofia alijichora mwenyewe kwa kujitazama kwenye kioo. Kwa hiyo watu wawili wa nyumba moja, wakiwa chumbani mwao, ndio waliofanywa wageni wasiojuana katika mgahawa wa usiku. Baadaye Hopper alikiri kwamba huenda, bila kukusudia, alikuwa anachora upweke wa jiji kubwa.

Linganisheni na kibanda cha Madibira. Wao wana kioo na hakuna mlango. Sisi hatuna kioo wala ukuta, kwa hiyo kila upande ni mlango. Wao kila mtu ana stuli yake, na kati ya stuli na stuli kuna nafasi. Sisi tuna benchi. Benchi lina sheria zake: akija wa tano mnasogea, akija wa sita mnabanana, na asiyetaka kusogea ataambiwa, "Ndugu, hebu tusaidiane kidogo." Mgeni akikaa kwenye benchi, hamalizi tonge la pili kabla hajaulizwa ametokea wapi, mpunga unauzwaje huko, na kama mvua imeacha njia inapitika.

Hapa najua mmoja wenu ameshafika mwisho wa mawazo yake: basi kumbe Wazungu wana upweke na sisi hatuna. Hapana, mwanangu, rudi. Njoo jioni kibandani siku ambayo bei ya gunia imeshuka. Utamwona kijana aliyetoka mbali kufanya kibarua, amekaa mwisho wa benchi, sahani mbele yake, wali unapoa. Watu wamembana kushoto na kulia na bado yuko peke yake. Mchoraji akitaka kutuonyesha huyo, anaweza kuwaondoa wengine wote na kubakiza benchi refu, sahani moja, na taa. Hopper hakuchora Wamarekani. Alichora jambo linalompata mtu akiwa katikati ya watu, na akaliweka mahali alipopajua.

Picha ya tatu ni ya zamani zaidi, na kwangu mimi ndiyo inayojua mengi kuhusu mtu aliyesimama. Aliichora Mfaransa Édouard Manet, ikaonyeshwa Paris mwaka 1882. Manet alikuwa mgonjwa sana wakati huo, na mwaka uliofuata alifariki. Siku hizi picha iko London, katika jumba la Courtauld.

Pahali penyewe ni Folies-Bergère, jumba la burudani la Paris ambako watu walikwenda kutazama michezo, kunywa na kuonana. Katikati kabisa ya picha amesimama msichana muuzaji, mikono yote miwili ameiegemeza kwenye meza ya marumaru. Mbele yake kuna chupa, bakuli la kioo lenye machungwa, na maua mawili ndani ya glasi. Nyuma yake kuna kioo kikubwa cha kujitazamia, na ndani ya kioo tunauona umati wote: kofia, nguo za thamani, taa zilizoning'inia. Katika kona ya juu kushoto, kama hamna papara, mtaona miguu midogo yenye viatu vya kijani. Ni ya mwanasarakasi aliye kwenye bembea. Manet hakumpa hata magoti. Mchezo uliowaleta watu wote hao ukumbini umepewa kona, na muuzaji wa vinywaji amepewa katikati.

Jina la msichana lilikuwa Suzon. Alikuwa kweli akifanya kazi pale, na Manet alimwomba aje kusimama kwenye chumba chake cha kuchorea, nyuma ya meza iliyopangwa chupa. Sura yake haina hasira wala tabasamu. Mnaijua sura hiyo. Ni ya mtu aliyeuliza "Nikupe nini?" mara nyingi tangu asubuhi, na sasa anangoja jibu.

Kisha tazameni upande wa kulia, ndani ya kioo. Kuna mgongo wa Suzon, na mbele yake mwanamume mwenye kofia ndefu amemkaribia sana. Lakini mkirudi kwa Suzon mwenyewe, mbele yake hakuna mtu. Watu wamebishana kuhusu kioo hicho kwa miaka zaidi ya 100, kwa sababu taswira ya Suzon ndani yake imesogea kulia kuliko inavyotarajiwa. Wenye hesabu wamepima, wenye kamera wamejaribu kuipanga upya. Mimi nitawaambia ninavyoisoma. Mwanamume wa kwenye kioo yuko mbele ya meza. Mbele ya meza kuna nani? Mimi na wewe, tunaotazama. Mteja ni sisi. Suzon anatungoja tuagize, na mchoraji ametuwekea kioo tuone tunavyoonekana tukimkaribia mtu aliye kazini. Picha nyingi huturuhusu kutazama bila kutazamwa. Hii imekataa.

Tangu nilipoijua picha hiyo, sijaingia mgahawani nikasema tu "Lete chai" bila salamu.

Sasa mtaniambia hizo ni Paris na New York, na kibanda cha Madibira si kitu cha kutundikwa ukutani. Basi mjueni Sam Ntiro, Mchaga aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, kisha London, na Tanganyika ilipopata uhuru alitumwa Uingereza kuwa mwakilishi wa nchi yetu huko. Mtu aliyekaa mezani na wakubwa wa dunia, alichora nini? Watu wakilima, wakibeba mizigo, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Hiyo ya pombe ya ndizi, ya mwaka 1956, ilinunuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA. Ntiro hakungoja jambo kubwa litokee kijijini. Watu wamebeba pombe kwenda harusini, usiku. Kwake hilo lilitosha.

Kwa hiyo nawapa kazi. Chukueni karatasi na penseli, mwende kibandani. Msiende saa saba mchana, mtakuwa mnazuia watu. Nendeni kwa adabu, "Shikamoo, mama," na mwombe ruhusa kabla ya kufungua daftari, kwa sababu uso ni wa mwenyewe. Akikubali, msikae kwenye benchi. Kutoka kwenye benchi mtachora kile ambacho kila mteja anakiona. Ombeni mkae nyuma, upande wa majiko.

Kutoka huko kibanda kinageuka. Mtaona nyuso za wateja zimepangwa mbele ya meza, mdomo wa mmoja umejaa, wa mwingine unauliza kama samaki wapo. Mtaona mikono: wa kibarua wenye michubuko ya mundu, wa dalali wenye saa na simu, wa mwanafunzi aliyefumbata sarafu za vitumbua. Mtaona pipa la maji na kujua limejazwa na nani. Pengine mtaona mtoto wa mama amekaa juu ya gunia akifanya hesabu za shule, ambaye wateja hawajui kuwa yupo. Mtaona pia kwamba mama hapiki tu. Anasikiliza bei, anajua lori gani limekwama wapi, anajua nani amegombana na mwajiri wake, na anapima kwa jicho ukubwa wa chakula kulingana na mtu alivyochoka.

Au nendeni alfajiri, saa kumi na moja, wazazi wakiwaruhusu. Mezani hakuna mtu. Benchi ni bichi kwa umande, vumbi la malori bado halijaamka, na mama ameshachemsha maji ya chai na kuanza kukanda unga wa chapati. Hiyo nayo ni picha ya mgahawa, ingawa hakuna anayekula. Hopper alichora mwisho wa siku. Hamjazuiwa kuchora mwanzo wake.

Hamwezi kuchora vyote. Mtalazimika kuchagua, na hapo ndipo mtakapoanza kuwaelewa wachoraji wote niliowataja. Mkijaza ubao kwa mtindo wa Tingatinga, hakuna atakayefichwa, ila uchovu unaweza kupotea katikati ya rangi. Mkiondoa vitu kama Hopper, huzuni itaonekana, ila kicheko cha benchi kitapotea. Mkimweka mama katikati awatazame watu kama Suzon, lazima mjiulize nani amesimama mbele yake na anamtazamaje. Daftari la madeni mtaliweka au mtaliacha? Na simu ya dalali? Na mtoto wa kwenye gunia?

Mkimaliza, msiilete kwangu kwanza, wala kwa mwalimu. Mpelekeeni mama mwenyewe, wakati ambao sufuria zimeshaoshwa na ana nafasi ya kukaa. Mpeni aitazame kwa muda autakao. Halafu muulizeni kimekosekana nini, na atakachotaja, mkichore.